Injini Tatu za Gari la Wagonjwa

Mimi ni mtu wa usafi. Afadhali niliseme hilo mapema. Hata leo wajukuu wakija hapa kwangu Katesh huvua viatu nje bila kuambiwa, na mkwe wangu husema eti kwa bibi huyu hata kuku wanaogopa kunya uani. Acha waseme. Nilifundishwa unesi na mama mmoja aliyekuwa akipitisha kidole chini ya kitanda cha mgonjwa, upande usioonekana, halafu anakuonyesha kile kidole bila kusema neno. Ukishaonyeshwa kidole kile mara mbili tatu, hutakaa uwe mchafu tena maishani.

Nilipangiwa zahanati ya mashamba ya ngano ya serikali nikiwa bado msichana, enzi zile Hanang iko mkoa wa Arusha. Shamba letu lilikuwa moja kati ya yale makubwa. Ukisimama mlangoni pa zahanati, nyuma yako mlima, mbele yako ngano mpaka macho yachoke. Tulikuwa na mganga mmoja, mimi, mhudumu mmoja, na gari la wagonjwa. Gari lilikuwa la dizeli, jeupe, refu, na ndilo lililokuwa likitegemewa na vijiji vyote vya pale jirani, si wafanyakazi wa shamba peke yao. Mtu akiugua Getanuwas huko, walikuwa wanatuma mtu kwa baiskeli kuja kuliita.

Gari lile lilikuwa chini yangu. Mganga hakutaka habari za magari, akanikabidhi daftari la safari. Kila safari niandike, kila jioni nitie sahihi, na bila sahihi yangu dereva hapewi dizeli kule karakana. Kwa hiyo dereva, mtu wa Balangdalalu, rika la baba yangu mzazi, mzee wa kanisa aliyekuwa akishika sahani ya sadaka kila Jumapili, alikuwa chini yangu pia. Asubuhi nilimwamkia shikamoo baba, akaitikia marahaba mwanangu. Baada ya hapo nilimwamuru mpaka jua linazama.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kabla ya kuja shambani alikuwa ameendesha pikapu ya petroli ya mfanyabiashara mmoja pale Katesh, miaka mingi, na alisifika kwa kutokukimbiza gari. Wagonjwa walimpenda. Kwenye mashimo alikuwa akipunguza mwendo, anageuka kidogo anasema, "Shimo hilo, mama, jikaze." Mtu anajikaza. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimsifu kwa mganga.

Sasa nije kwenye bakuli.

Jumamosi moja, mwezi wangu wa kwanza au wa pili, nilikuwa nasafisha gari. Jumamosi ilikuwa siku ya gari, nilikuwa nimeipanga mimi mwenyewe. Nilishamaliza machela na sakafu, na bado nikawa nasikia harufu ya oili. Nikamwambia dereva afungue boneti. Ndani, kando ya injini, kulikuwa na kama bakuli la bati limebanwa na vishikizo. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni chujio la hewa, injini inapumulia humo. Nikamwambia afungue.

Jamani! Oili nyeusi tii, nzito kama uji uliolala, na ndani yake matope, makapi ya ngano, panzi wazima wazima na mguu wa nyuki. Nilisisimka mwili mzima. Nikamwambia, "Baba, hiki kitu kiko kwenye gari la wagonjwa?"

Akasema, "Hicho ndivyo kilivyo, nesi. Mafundi ndio wanaoweka oili humo."

"Mafundi hawajui magonjwa," nikamjibu. Nakumbuka kabisa nilivyosema, na nilivyosimama, mkono kiunoni. "Hata injini, afadhali ipumue pasafi."

Nikaimwaga ile oili kwenye shimo la taka. Nikaliosha bakuli kwa maji ya moto na sabuni, mara tatu, nikalifuta kwa shashi mpaka likang'aa ukajiona uso. Nikamrudishia likiwa kavu. Alilishika mkononi kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo, akanitazama, nikamtazama. Akalifunga.

Tangu siku ile kila Jumamosi niliosha bakuli. Wiki ambayo gari lilikuwa limetoka kwa mafundi, nililikuta limejazwa oili tena, mpya, safi kama asali, nikaimwaga nayo. Oili enzi zile ilikuwa adimu, sabuni ilikuwa adimu, kila kitu kilikuwa adimu, lakini sikuwaza adimu, niliwaza kidole cha yule mama. Dereva aliniambia tena mara mbili. Mara ya pili alisema, "Nesi, hebu tumuulize fundi kwanza." Nikamwambia kama ana shida na usafi, aandike barua kwa mganga. Hakuandika. Mtu aliyesoma darasa la nne, mbele ya msichana mwenye gauni jeupe na saa ya kubandika kifuani, ataandika nini? Kwake mimi nilikuwa daktari. Nikisema hiki ni kichafu, ni kichafu.

Injini ya kwanza ilikufa wakati wa mavuno. Kombaini zilikuwa zinavuna mchana kutwa, na vumbi lilikuwa limetanda hivi kwamba mchana tulikuwa tunawasha taa za gari. Tulikuwa tumetoka kumchukua mzee mmoja Getanuwas, tumbo limemvimba. Moshi wa bluu ulianza nyuma, halafu gari likaanza kukosa nguvu hata kwenye tambarare, halafu nikasikia mlio ambao mpaka leo siwezi kuueleza, chuma kinagonga chuma. Dereva akazima. Akashuka, akafungua boneti, akarudi akasema, "Imenoki." Tulikaa barabarani mpaka likapita lori la ngano. Tukampandisha mzee juu ya magunia. Alifika hospitali, akapasuliwa, akapona. Niseme tu kwamba katika injini zote tatu hakufa mtu. Namshukuru Mungu kwa hilo, ingawa nikijichunguza naona nashukuru kwa ajili yangu kuliko kwa ajili yao.

Injini ilifuatwa Arusha. Hela iliyotumika meneja wa shamba aliitaja kwenye kikao huku ameshika kichwa. Wakafunga nyingine, gari likarudi, Jumamosi nikaliosha.

Ya pili haikumaliza hata msimu. Ile ilianza kula oili mapema, kila asubuhi dereva anaongeza, kila asubuhi anaomba karakana, na kule karakana wakaanza kumwangalia vibaya. Ilikufia njiani tukitoka kumpeleka mgonjwa, gari likiwa tupu, afadhali. Meneja alikuja mwenyewe zahanati. Alisema kwa fedha ya injini mbili tungejenga wodi. Alimuuliza dereva mbele yetu, "Wewe gari unaliendeshaje?" Dereva akasema, "Kama siku zote, meneja." Na mimi nikatoa daftari langu, nikaonyesha safari zote zimeandikwa, sahihi zote zipo. Meneja akasema angalau kuna mtu mmoja hapa anafanya kazi yake.

Hapo katikati tulikuwa tunabeba wagonjwa kwa trela la trekta. Nilizoea. Unazoea kila kitu. Unamfunika mtu turubai asichafuke kwa vumbi, unakaa ubavuni kwake unamshikia dripu, trekta linakwenda mwendo wa ng'ombe.

Ya tatu ilizimika hapo hapo uwanjani, asubuhi, hata safari haijaanza. Fundi mkuu wa karakana akaja na vijana wake, wakaivuta. Safari hii hakutaka kubadilisha tu. Alisema ataifungua mpaka ajue.

Wiki iliyofuata tuliitwa kikaoni ofisini kwa meneja: mganga, mimi na daftari langu, fundi mkuu, na dereva. Dereva alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Fundi mkuu alikuwa mtu mpole, mwenye kueleza vizuri, na alikuwa amefunga vitu kwenye gunia. Akatoa ringi za pistoni akaziweka mezani. Zilikuwa zimelika mpaka zimekuwa nyembamba kama kucha. Akasema, "Hii ni kazi ya vumbi. Vumbi la huku ni msasa. Likiingia ndani ya injini, linasaga kila kitu." Halafu akatoa bakuli langu.

Nilijua kabla hajasema. Nafikiri nilijua pale pale nilipoona linavyong'aa.

"Humu ndani," akasema, "lazima kuwe na oili. Oili ndiyo inayolinasa vumbi. Ikichafuka, ndiyo kazi yake, unabadilisha. Mara tatu nimejaza oili humu kwa mkono wangu. Mara tatu gari limekufa, nafungua, nakuta kavu. Mara mbili za kwanza nilidhani ni uzembe. Lakini angalieni. Hili halikukauka. Limekombwa."

Kisha akasema kilichobaki. Walikwenda nyumbani kwa dereva, ile nyumba aliyokuwa anaijenga, wakakuta nguzo zote zimepakwa oili. Kila mtu pale alipaka nguzo oili kwa ajili ya mchwa. Oili chafu ilikuwa inamwagwa kwenye pipa nyuma ya karakana, watu wanachota. Dereva akasema hivyo: niliichota pipani kama wengine. Meneja akamuuliza, na hii ya kwenye chujio ilikwenda wapi?

Dereva alitazama mikono yake. Halafu akaniangalia mimi, si kwa ukali. Alinitazama vile alivyokuwa akiwatazama wagonjwa akiona shimo mbele.

Nilikuwa na daftari mapajani. Ukurasa uliokuwa juu ulikuwa wa Jumamosi, na kwa mwandiko wangu mwenyewe ulisema: gari limesafishwa, nje na ndani. Nilikuwa na miezi sita tu kabla ya kuthibitishwa kazini. Nyumbani kulikuwa na mama na wadogo zangu wanne, na mshahara wangu ndio uliokuwa unawalisha. Nayasema haya kwa sababu ni ya kweli, si kwa sababu yanatosha. Meneja akauliza, "Kuna mwenye neno?" Nilisubiri nisikie sauti yangu. Haikuja. Nilihisi ganzi kuanzia midomoni kwenda chini, kama ile ya sindano ya jino, na nikakumbuka kwamba sijachemsha mabomba ya sindano ya mchana.

"Sijui ilikokwenda, meneja," dereva akasema. "Lakini sikuiba."

Akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Nje ya ofisi nilipita karibu yake. Nikasema shikamoo baba. Akasema marahaba mwanangu.

Kwa nini hakunitaja? Nimejiuliza mpaka swali lenyewe limechakaa. Pengine alijua hawatamwamini. Pengine mtu wa namna yake hawezi kumtupa binti anayemwita baba mbele ya wanaume. Au alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe, akinipa nafasi, na kila siku iliyopita akawa anasubiri bado. Hilo la mwisho ndilo ninaloliamini mimi.

Ikafungwa injini ya nne. Akaja dereva mpya, kijana, mkimbizaji, mashimo yote anayaruka. Na bakuli sikuligusa tena. Nilisafisha machela, nikasafisha sakafu, nikafuta vioo, na boneti sikufungua. Injini ile haikufa. Ulipita msimu wa mavuno, ukapita mwingine, kombaini na vumbi lake, injini inaunguruma tu. Fundi mkuu alikuwa akipita zahanati anaipiga boneti kwa kiganja, pa, anasema, "Umeona nesi? Tangu mwizi aondoke, inadunda." Na mimi nasema, "Kweli, fundi."

Hebu fikiria hapo. Kila siku gari lile lilipowaka, lilikuwa linamshuhudia yule mzee kwamba ni mwizi. Ningetaka kumsafisha, ningeendelea tu kuosha bakuli, injini ife na yeye hayupo. Siku moja moja lilinijia wazo hilo kabisa, nikiwa nimeshika kitambaa. Sikuosha. Kulikuwa na wagonjwa. Hiyo nayo ni sababu ya kweli isiyotosha.

Mwishoni mwa mwaka ule aliofukuzwa dereva nilithibitishwa kazini, na kwenye mkutano wa wafanyakazi nikapigiwa makofi kwa ajili ya usafi wa gari la wagonjwa. Nilisimama, nikainama kidogo, nikakaa.

Kanisani nako walikuwa wamesikia. Habari ya wizi haikai. Alivuliwa uzee wa kanisa, akatengwa na meza ya Bwana. Kwetu mtu akitengwa hafukuzwi, anakuja ibada kama kawaida, ila anakaa benchi la nyuma kabisa, na wakati wa kushiriki watu wanapita mbele yeye amekaa. Kurudi kunataka usimame mbele ya usharika, useme kosa lako kwa kinywa chako, uombe radhi. Mchungaji alimwendea mara nyingi. Akasema, "Sitatubu nisichokifanya." Basi. Watu wakasema ana kiburi. Zaidi ya miaka miwili alikaa benchi la nyuma, na mimi nilikuwa kwaya, tunaimba tumewaelekea watu, kwa hiyo kila Jumapili nilimwona. Alikuwa anaimba pia. Alikuwa na besi nzuri.

Halafu binti yake akachumbiwa. Kijana wa watu, familia ya kanisa, wazazi wake wakasema wazi kwamba hawawezi kwenda kufunga ndoa ambayo baba wa bibi harusi ametengwa. Mchungaji naye hakuwa na njia. Tukasikia tangazo: Jumapili ijayo kuna mtu anarudi kundini.

Nilikuwa na wiki nzima. Alhamisi nilijitahidi. Nilivaa, nikatembea mpaka nyumbani kwa mchungaji, nikamkuta anamkatia ng'ombe wake majani. Alifurahi kuniona. Akaniuliza kama najua dawa ya chuchu iliyopasuka, ng'ombe wake anapiga teke wakati wa kukamua. Nikamweleza. Akanishukuru sana, akauliza kama kuna lingine. Nikasema hapana, nilikuwa napita tu. Njiani kurudi nilijitukana kwa sauti, matusi ambayo nesi hatakiwi kuyajua, lakini miguu ilikuwa inakwenda nyumbani tu.

Jumapili aliitwa mbele. Alikuwa amevaa lile koti la siku ya kikao, limepauka mabegani. Alisimama akaushika ubao wa mbele wa benchi la wazee, pale alipokuwa akikaa zamani. Hakutazama kwaya. Alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "Niliiba oili ya gari la wagonjwa. Nimewatia wagonjwa hatarini. Naomba mnisamehe." Alisema hivyo tu, vizuri, bila kukwama. Kwa mtu asiye na maneno, alikuwa ameyakariri. Mkewe aliinamisha kichwa. Binti yake alikuwa analia kwa furaha, maskini, hakujua kitu.

Mchungaji akatangaza kwamba amepokelewa, na kwaya ikaanza wimbo, na watu wakapanga mstari kumpa mkono, kama desturi ilivyo. Wanakwaya walikwenda mwisho. Sikulia. Ningependa kuandika kwamba nililia. Nilikuwa natazama mgongo wa aliyenitangulia, gauni lake lilikuwa limefumuka mshono, nikawa nahesabu nyuzi. Niliwaza: nikifika nitasema. Nikifika kwake nitageuka, nitawaambia wote, hapa hapa, iishe. Na safari hii, nakuapia, sauti ilikuwepo. Niliisikia kooni.

Nikafika. Nikashika mkono wake. Nikafungua mdomo.

Akaniinamia, wala tabasamu la kupokea watu halikumtoka usoni, akaniambia taratibu, "Sasa usiseme, mwanangu. Nimeshasema uongo mbele ya madhabahu. Harusi ni Jumamosi."

Nikasema, "Sawa, baba." Nikamwachia mkono, nikapita, na aliyekuwa nyuma yangu akampa wake.